Siku moja na wanafunzi wa afya kuhusu utoaji mimba salama: mwongozo kwa walimu na wasimamizi wa staji, Bukavu

Mwanafunzi wa uuguzi au ukunga anayeanza staji katika chumba cha uzazi, iwe Kadutu, Ibanda, Bagira au kule Walungu na Kalehe, mapema sana atakutana na msichana anayevuja damu na asiyetaka kusema imekuwaje. Saa hiyo hakuna muda wa kutafakari. Atafanya kile ambacho mkono wake umezoea na kusema kile ambacho mdomo wake umezoea. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa ITM (shule ya sekondari ya afya), ISTM (chuo cha juu cha afya) au kitivo cha tiba, pamoja na msimamizi wa staji, anayetaka maswali magumu yaulizwe darasani kwanza, ili mgonjwa asiwe ndiye anayelipia mafunzo.

Si kazi yetu kumtoa mtu katika imani yake. Wanafunzi wengi wa hapa wamelelewa parokiani au katika makanisa ya Kiprotestanti, na shule na hospitali nyingi ni za makanisa hayo hayo. Ukiingia darasani kwa nia ya kuwashinda, watanyamaza, wataandika majibu unayoyapenda, kisha watarudi wodini vile vile walivyotoka. Tunachotafuta ni kidogo kuliko hapo, na ni kigumu zaidi: kila mmoja atoke akijua mkono wake utafanya nini, hautafanya nini, na atampigia nani simu.

Matayarisho

Chukua wanafunzi 16 hadi 24. Wakipungua 16, kila mtu atatambua mwandiko wa mwenzake. Wakizidi 24, wale wanyamavu watajificha nyuma ya wasemaji na hutawasikia kamwe.

Waendeshaji wawe wawili, mwanamke na mwanaume ikiwezekana. Mmoja awe muuguzi, mkunga au daktari anayefanya kazi hii kwa mikono yake, wa pili awe mwanasheria au mtu wa ushauri nasaha. Hakuna hata mmoja kati yao anayepaswa kuwa mwalimu anayewapa alama za staji. Sharti hili ndilo linalovunjwa mara nyingi kuliko yote, kwa sababu ya uhaba wa watu, na linaua siku nzima: mwanafunzi hawezi kusema anachofikiri mbele ya mtu mwenye cote zake mkononi.

Wiki tatu kabla, peleka barua kwa mkuu wa shule. Eleza kwa neno la kweli: mazungumzo juu ya huduma kwa mwanamke ambaye mimba yake imeharibika au imetolewa, sheria ya nchi inasemaje, na mwenendo wa mwuguzi kitandani. Usifiche neno “kutoa mimba” ili upate ruhusa kwa urahisi. Likijulikana katikati ya siku, utafukuzwa wewe, na pia mwenzako atakayekuja mwakani. Katika shule ya kanisa, anzia kwenye huduma baada ya mimba kuharibika. Hakuna askofu wala mchungaji anayesema mwanamke anayevuja damu aachwe afe, na mlango huo ukifunguka, mengine yatazungumzwa kwa utulivu. Kwa wanafunzi wa ITM walio chini ya miaka 18, mwulize mkuu wa shule ni ruhusa gani ya wazazi inayotakiwa.

Vifaa ni vichache. Karatasi za A4 zilizokatwa nusu, kalamu za bic za buluu zote za aina moja (mwenye kalamu nyekundu peke yake amejulikana tayari), karatasi kubwa za ukutani, kalamu nzito, gundi ya karatasi. Usitegemee projekta. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na maelezo yako yote yako kwenye kompyuta, siku imekwisha. Na kama ni msimu wa mvua, tafuta chumba chenye dari. Mvua ya Bukavu juu ya bati tupu inameza sauti, na mazungumzo haya hayawezi kufanywa kwa kupiga kelele. Mvua ikikukuta chini ya bati, hamia kwenye kazi za kuandika mpaka ipungue.

Simu zote ziwekwe kwenye beseni mlangoni, za waendeshaji zikitangulia. Rekodi moja ya sauti ikifika WhatsApp ya darasa, hakuna atakayekuamini tena.

Jambo la mwisho la matayarisho ndilo zito kuliko yote. Katika wasichana ishirini walioketi mbele yako, huenda yuko aliyetoa mimba, aliyebakwa, au aliyempoteza dada kwa njia hiyo. Na katika wavulana huenda yuko aliyemtafutia mtu vidonge. Usimwombe mtu yeyote asimulie habari zake. Tangaza mwanzoni kwamba kutoka nje ni ruhusa bila kueleza, na mtu mmoja wa ushauri nasaha awe ameketi chumba cha pili, mlango wazi, chai mezani, siku nzima.

Fanyeni kwa Kiswahili

Masomo yanafundishwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo walimu wengi wanapojidanganya. Kwa Kifaransa mwanafunzi yuko shuleni. Atakuambia “interruption volontaire de grossesse” (kutoa mimba kwa hiari) na “prise en charge” (kumhudumia mgonjwa) bila uso wake kubadilika, na utaondoka ukidhani hana tatizo. Mwulize jambo hilo hilo kwa Kiswahili: dada yako akitosha mimba (akiitoa), utamwitaje? Hapo yanatoka maneno ya nyumbani. Muuaji. Malaya. Alijitafutia. Mungu amemwonyesha. Hayo ndiyo maneno ambayo mgonjwa atayasikia saa nane ya usiku, kwa kuwa hakuna anayemkaripia mgonjwa kwa Kifaransa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la maneno, na linachukua dakika 40. Bandika karatasi kubwa tatu ukutani. Ya kwanza: maneno tunayosikia juu ya mwanamke aliyetoa mimba. Ya pili: maneno tunayosikia juu ya mwanaume aliyempa mimba hiyo. Ya tatu: maneno tunayosikia juu ya mfanyakazi wa afya aliyemhudumia. Kila mtu aandike, kwa Kiswahili, Kimashi, Kilega, Kihavu, lugha yoyote iliyomjia. Sharti ni moja: ni maneno “tunayosikia”, hatuulizi nani anayasema.

Karatasi ya kwanza itajaa kwa dakika tano. Ya pili mara nyingi inabaki na maneno mawili matatu, mengine yakiwa karibu ya sifa. Usieleze kitu. Simama kimya, waache wazitazame hizo karatasi mbili zikiwa sambamba. Ukimya wa dakika nzima ni mrefu sana darasani, uvumilie. Yule atakayeuvunja atasema jambo zuri kuliko ulilolipanga wewe.

Baadaye fanyeni kazi ya kubadilisha maneno, kwa vitendo. Katika rejista na katika makabidhiano ya asubuhi, “aliyetosha mimba wa kitanda cha nne” awe “mama wa kitanda cha nne, mimba imeharibika nusu, homa 38.5”. Hii si adabu tu. Neno “provoqué” (mimba iliyotolewa makusudi) likiandikwa kwenye fishi ya mgonjwa bila sababu ya kitabibu, kila anayeifungua, kuanzia mfagiaji hadi shemeji yake aliyekuja kulipa, anaweza kulisoma. Mwanafunzi akumbushwe kwamba kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu anayevunja siri ya kazi.

Sheria, kwa dakika arobaini tu

Wanafunzi huja na makosa mawili yanayopingana. Wa kwanza anasema Kongo imekataza kabisa. Wa pili amesikia redioni kwamba imeruhusiwa. Wote wawili wako hatarini. Andika ubaoni kwa mpangilio huu.

Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 165 na 166, bado ipo: anayemtoa mwanamke mimba, kifungo cha miaka 5 hadi 15. Mwanamke anayejitoa kwa hiari, miaka 5 hadi 10.

Protokali ya Maputo, mkataba wa Afrika juu ya haki za wanawake, ilipitishwa na Umoja wa Afrika tarehe 11 Julai 2003. Kifungu cha 14, aya ya 2(c), kinazitaka nchi kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu pale mimba inapotokana na shambulio la kingono, kubakwa au ndugu wa damu, na pale inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au uhai wa mama au wa kijusi. Kongo iliridhia, kisha ikaichapisha katika Journal officiel (gazeti rasmi la serikali) tarehe 14 Machi 2018. Tarehe 6 Aprili 2018 Baraza Kuu la Mahakama likatoa waraka kuhusu utekelezaji wa kifungu hicho cha 14. Na Katiba yetu, kifungu cha 215, inaweka mikataba iliyoridhiwa na kuchapishwa juu ya sheria za kawaida. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ikatoa kanuni na miongozo ya huduma kamili ya utoaji mimba.

Hapo mwanasheria anyamaze na kuwauliza: mwanamke anayesema “sina pesa ya kumlea” anaingia wapi? Msichana wa miaka 15 aliyepewa mimba na mjomba wake? Mama ambaye amejaribu kujiua mara mbili tangu ajue ana mimba? Waache wabishane na karatasi ya kifungu cha 14 ikiwa mkononi, ukurasa mmoja kwa kila mtu. Neno “afya ya akili” ndilo linaloleta mjadala mrefu, na ndilo linalosahauliwa zaidi wodini.

Kosa la mwendeshaji hapa ni kuongeza saa nzima ya sheria kwa sababu ni somo lisilomchoma mtu. Sheria inampa mwanafunzi mahali pa kusimama, lakini haimfundishi kumfunika mgonjwa shuka.

Karatasi zisizo na jina

Zoezi hili ndilo moyo wa siku. Lipe saa moja na nusu, baada ya mapumziko ya sambusa na fanta, watu wakiwa wamelegea kidogo.

Mpe kila mmoja nusu karatasi yenye kauli sita, na kwa kila kauli achore duara kwenye moja kati ya herufi nne: A nakubali sana, B nakubali, C sikubali, D sikubali kabisa. Usiweke “sijui”. Asiandike jina wala alama. Kauli tunazopendekeza ni hizi:

1. Mwanamke aliyebakwa ana haki ya kuomba mimba itolewe hospitalini.
2. Anayekuja mara ya pili na mimba iliyotolewa anastahili huduma ile ile ya mara ya kwanza.
3. Ningeweza kumshika mkono mgonjwa wakati mwenzangu anamsafisha kizazi.
4. Msichana asiyeolewa apewe njia ya uzazi wa mpango kabla hajaondoka wodini.
5. Mfanyakazi wa afya anayekataa kwa ajili ya imani lazima amwonyeshe mgonjwa mahali pengine pa kwenda.
6. Nikimhudumia mwanamke huyu, nimeshiriki dhambi yake.

Kauli ya sita usiiondoe kwa kuiogopa. Wanaiwaza wote.

Kusanya karatasi, zichanganye, zigawe upya. Sasa kila mtu ana msimamo wa mtu mwingine. Soma kauli ya kwanza na uwaambie waende kwenye kona ya chumba inayolingana na herufi iliyo kwenye karatasi waliyoishika, si mawazo yao wenyewe. Kila kona ipewe dakika tatu kutafuta sababu yenye nguvu ya msimamo huo, kisha mmoja aseme kwa dakika moja. Hakuna kujibizana kati ya kona na kona. Ukimaliza kauli mbili, kusanya tena, changanya, gawa, endelea.

Kinachotokea ni hiki: kijana anayeimba kwaya atajikuta kwenye kona ya “nakubali sana” akitafuta maneno ya kumtetea mwanamke, na mwenzake mwenye msimamo mkali wa haki za wanawake atalazimika kueleza hofu ya mtu wa imani kwa heshima. Hakuna aliyekiri kitu. Na darasa zima linaona kwa macho kwamba kona ziligawanyika, kwamba “sisi sote tunaona hivi” haikuwa kweli.

Mambo manne huharibika hapa. Kwanza, mtu anasema “hii si karatasi yangu, mimi binafsi…”. Mkatishe papo hapo kwa upole, kwani akimaliza sentensi hiyo kila mtu ataanza kujitenga na karatasi yake. Pili, mhubiri anaanza mahubiri. Usibishane naye kwa Biblia, hata kama unaijua vizuri. Mwambie: hoja yako imesikika, dakika imekwisha, kona inayofuata. Tatu, kona moja ina mtu mmoja peke yake, na wengine wanacheka. Nenda usimame naye, mfikirie sababu pamoja. Nne, mwendeshaji mwenyewe anatikisa kichwa akisikia asichokipenda. Wanafunzi wanasoma uso wako kuliko wanavyosoma ubao.

Kitandani

Gawa darasa katika makundi matatu, kila kundi na karatasi ya mgonjwa mmoja. Swali la kwanza kwa wote ni moja: dakika 15 za kwanza, mikono yako inafanya nini?

Mgonjwa wa kwanza: msichana wa miaka 17, ameletwa kwa pikipiki saa saba usiku, anavuja damu yenye harufu, joto 39, mapigo 124, presha 80 kwa 50. Mama yake anasema ni malaria. Kundi likianza na “tutamwuliza alikunywa nini”, simamisha. Mapigo ya 110 na kuendelea pamoja na namba ya juu ya presha iliyo chini ya 90 ni mshtuko. Ita msaada, mlaze, oksijeni kama ipo, mishipa miwili yenye sindano pana, Ringer lactate, chukua damu ya kundi na hemoglobini, antibiotiki za kwenye mshipa, kisha tayarisha kusafisha kizazi. Swali la dawa au mti uliotumika linaulizwa, ndiyo, ila kwa sababu ya tiba, mama akiwa ametolewa nje kidogo, kwa maneno haya au yanayofanana: “Chochote kilichotokea, niko hapa nikusaidie. Ukiniambia ulichotumia nitajua dawa gani ya kukupa.” Mgonjwa aliyekaripiwa anaficha, na kilichofichwa, kijiti kilichotoboa kizazi kwa mfano, ndicho kinachomwua siku ya tatu kwa maambukizi.

Mgonjwa wa pili: mwanamke wa miaka 26, alibakwa akirudi shambani, amefika kituo cha afya akiwa na mimba ya wiki 9. Wanafunzi wengi watakimbilia kit PEP (dawa za dharura baada ya kubakwa) kwa sababu ndiyo waliyofundishwa. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanza ndani ya saa 72 na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120, muda huo umepita zamani. Kilichobaki ni kupima, kumtibu, kumsikiliza, kumweleza njia zake zote kisheria, na kumpeleka siku hiyo hiyo panapotolewa huduma. Kila wiki anayozungushwa inaifanya kazi iwe ngumu zaidi. Sentensi ya kupigwa marufuku: “Ulikuwa unaenda wapi saa hizo?”

Mgonjwa wa tatu: mama wa watoto wanne ambaye moyo wake ulilegea baada ya uzazi wa mwisho na haujapona, sasa ana mimba ya wiki 8 na anapumua kwa shida akipanda mlima. Hapa hakuna ubakaji, hakuna “kosa” la mtu, mume yupo na anataka mke wake aishi. Kundi hili kwa kawaida linakubaliana haraka. Waulize basi kwa nini msichana wa karatasi ya kwanza alikuwa mgumu zaidi kwao, ilhali ndiye aliyekuwa karibu na kufa.

Maumivu yazungumzwe wazi. Kuna wodi ambako mwanamke aliyetoa mimba husafishwa bila dawa ya maumivu, “asikie, asirudie tena”. Hiyo ni adhabu, na mwuguzi hakupewa kazi ya kuadhibu. Kwa kusafisha kwa mvuto wa hewa: ibuprofeni mg 400 hadi 800 dakika 30 hadi 60 kabla, na lidokaini ya asilimia 1, ml 20, kuzunguka mlango wa kizazi, ukivuta sindano kwanza kuona hukuingia kwenye mshipa, kisha ukingoja dakika 3. Na kabla hajaondoka, azungumziwe uzazi wa mpango, kwa sababu yai linaweza kupevuka tena siku 8 hadi 10 tu baadaye. Ni ofa, si sharti la kutoka.

Papai

“Dhamiri yangu inakataa” mara nyingi ni “sijawahi kukishika chombo hicho, naogopa kumtoboa mtu”. Huwezi kutenganisha hayo mawili kwa maneno. Yatenganishe kwa mapapai.

Nunua sokoni mapapai madogo yenye umbo la pera, moja kwa wanafunzi wawili, na mawili ya akiba. Yawe yameanza kugeuka njano lakini bado magumu. La kijani kabisa mbegu zake zimeshika na hazitoki. Lililoiva linapasuka mkononi na somo linageuka vicheko. Upande wa kikonyo ni mlango wa kizazi. Mmoja analishika kwa mikono miwili ukingoni mwa meza, kikonyo kikimwelekea mwenzake.

Chombo ni AMIU, cha kuvuta kwa mkono kilichobaki kizazini: sindano ya plastiki ya ml 60 yenye vali na mirija ya mm 4 hadi 12. Kusafisha kizazi hivi ni moja ya kazi saba za SONU (huduma ya dharura ya uzazi na watoto wachanga) ya msingi, kwa hiyo hata shule yenye shaka haiwezi kuikataa. Shirika la Afya Duniani linaikubali AMIU hadi wiki 14, mikononi mwa wakunga na wauguzi waliofunzwa pia, na linasema ichukue nafasi ya kukwangua kwa chuma. Hatua ni hizi: funga vali, vuta pistoni mpaka mikono yake ikamate nje ya silinda. Ngoja dakika chache kuona kama hewa inashika, ukifungua vali usiposikia mvumo, oringi (pete ya mpira ya pistoni) imekauka au haikukaa sawa. Vuta tena. Panua tundu la kikonyo polepole, ingiza mrija wa mm 7 au 8 bila kugusa ncha yake wala kuta za nje, ingiza mpaka uhisi mwisho kisha rudisha kidogo. Unganisha, fungua vali, zungusha mrija nyuzi 180 upande mmoja na mwingine huku ukiusogeza mbele na nyuma taratibu. Mbegu nyeusi zitaanza kupanda ndani ya silinda, moja moja, kisha kwa fungu.

Anayesukuma kwa nguvu atauona mrija wake ukitokea upande wa pili wa papai. Mwache aone. Ni afadhali hapo.

Halafu eleza kile ambacho papai halionyeshi: kwa mwanamke, kazi imekwisha pale povu jekundu linapotoka bila nyama, unapohisi mkwaruzo kwenye mrija, na kizazi kinapobana. Kilichotoka kinachunguzwa kwenye bakuli la kioo lenye maji, mwanga ukitoka chini. Usipoona kitu, fikiria mimba nje ya kizazi kabla hujafikiria lingine lolote. Na kwa mimba iliyoharibika nusu, ukubwa wa kizazi ukiwa chini ya wiki 14, mama akiwa imara bila maambukizi, misoprostoli mikrogramu 600 ya kumeza au 400 chini ya ulimi ni njia nyingine.

Anayekataa

Baada ya yote hayo watakuwepo watakaosema hapana, na ni haki yao. Wape karatasi yenye mistari mitatu waijaze kwa mwandiko wao, wabaki nayo: Nitafanya… Sitafanya… Nitamwita… na mstari wa tatu uwe na jina na namba ya simu ya mtu wa kweli katika wodi anayokwenda, si “daktari wa zamu”.

Mipaka ya kukataa isemwe bila kupindisha. Anayekataa anasema mapema, kwa msimamizi, kabla ya zamu kuanza, si mbele ya mgonjwa. Hawezi kukataa dharura. Hawezi kukataa huduma ya baada ya mimba kutoka, kumwekea dripu, kumpima, kumpa chakula, kumfulia shuka. Hawezi kumdanganya mgonjwa kwamba huduma haipo. Analazimika kumpeleka kwa anayeweza. Na dhamiri ni ya mtu mmoja mmoja: mwuguzi mmoja akikataa, wodi nzima haijakataa. Kwa upande wa pili, mwanafunzi anayekubali kutoa huduma alindwe na matusi ya wenzake kwa uzito ule ule. Mara nyingi yeye ndiye anayeonewa.

Kupima kilichobadilika

Kuna kipimo kiitwacho SABAS, kilichotengenezwa kwa utafiti wa Ghana na Zambia: maswali 18, kila moja alama 1 hadi 5, jumla 18 hadi 90, alama nyingi zikimaanisha unyanyapaa mwingi. Kitafsiri kwa Kiswahili cha hapa, mtu mwingine akirudishe kwenye lugha ya awali bila kuona maandishi ya kwanza, kisha kijaribu kwa watu watano. Tumia kificho badala ya jina, kwa mfano herufi mbili za jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Jazeni asubuhi kabla ya kuanza, na tena baada ya miezi mitatu. Kipimo cha jioni ile ile hakina maana kubwa: mwanafunzi amechoka, amekupenda, anataka kukufurahisha.

Wakati wa kipimo cha pili, nenda pia wodini na rejista. Angalia saa ya kufika na saa ya presha ya kwanza. Angalia kama dawa ya maumivu imeandikwa na ilitolewa kabla au baada ya kusafisha. Hesabu mara ngapi neno “provoqué” linaonekana. Halafu kaa kwenye benchi ya korido asubuhi moja, bila kalamu, na uangalie kama pazia la kitanda chake linafungwa kabla hajafunuliwa.